Shajara ya Honda C70 ya Baba: Kutoka Stoo ya Bugembe Hadi Barabarani

Februari: Lengo na hali ya chombo

Mradi huu una lengo la kuifufua Honda C70 ya marehemu baba yetu, ambayo ndiyo pikipiki ya kwanza niliyoipanda maishani, mwanzoni nikiwa mtoto aliyesimama mbele ya baba katika ile nafasi ya wazi iliyo kati ya usukani na kiti, na miaka mingi baadaye nikiwa mwendeshaji. Kitabu chake cha usajili kinaonyesha kwamba iliandikishwa mwaka 1978. Tangu injini ilipokwama, pikipiki hii imeegemezwa ukutani katika stoo ya mama huko Bugembe, nje kidogo ya mji wa Jinja, na kazi yake pekee imekuwa kubeba magunia ya mahindi na nyavu za banda la kuku. Ndugu zangu wamekubali kuchangia gharama, nami nimekubali kuandika kila hatua ili wajue fedha zao zinakwenda wapi. Nimeomba pia ruhusa ya kuandika ninayoyakumbuka kadiri kila kipande kinavyofunguliwa, maana vipande vya chombo hiki vina maneno mengi kuliko nilivyotarajia.

Kwa wasioijua, C70 ni ya ukoo wa Super Cub, ulioanza kuuzwa Japani mwaka 1958 na ambao kufikia mwaka 2017 ulikuwa umevuka pikipiki milioni 100, idadi ambayo hakuna chombo kingine cha injini duniani kilichoifikia. Injini yake ni ya mipigo minne, ina silinda moja iliyolala karibu sambamba na ardhi, na ujazo wake ni sentimita za ujazo 72. Tangi la petroli limefichwa chini ya kiti, cheni imefunikwa yote kwa bati, na mbele kuna ngao ya plastiki inayokinga miguu dhidi ya upepo na matope. Ngao hiyo ndiyo iliyomfanya mama akubali kupakiwa siku za Jumapili bila kuogopa gomesi yake, yaani gauni lake refu la heshima, kuchafuka.

Hali ya sasa ni hii: injini haizunguki hata kwa uzito wa mtu mzima juu ya kiki, tangi lina kutu ndani, tairi zimekauka na kupasuka, na nyaya za umeme zimeliwa na panya. Fremu, hata hivyo, ni nzima. Upande wa kushoto wa ngao umepasuka na kushonwa kwa waya mwembamba wa shaba, mshono wa baba mwenyewe. Nyuma ipo keria ya nondo aliyoichomelesha kwa fundi wa chuma ili iweze kubeba jora la kitambaa, kwani alikuwa mtengenezaji wa mashine za kufumia katika kiwanda cha nguo cha Nyanza Textiles, ambacho kila mtu alikiita NYTIL, kilichoko ng'ambo ya Mto Nile upande wa Njeru. Sisi tulikaa Walukuba, katika nyumba za wafanyakazi, mahali ambapo watu wa makabila mengi walikutana na Kiswahili kikawa lugha ya uani. Kila siku ya kazi baba aliuvuka mto juu ya bwawa la Owen Falls akienda, na akauvuka tena akirudi.

Machi: Pistoni iliyokwama

Mwezi huu umekuwa wa kusubiri. Fundi wetu, mzee mwenye gereji yake kando ya barabara, alitoa plagi, akamimina mchanganyiko wa dizeli na oili kupitia tundu lake, akaagiza pikipiki isiguswe. Kila alipopita aliongeza kidogo na kugonga kwa kipande cha mti, kamwe si kwa nyundo, kwa sababu silinda ya chuma cha kutupwa haisamehe. Pistoni ilisogea taratibu, kisha ikaachia. Hakuna jingine la kuripoti, isipokuwa kwamba mama amedai magunia yake ya mahindi yatafutiwe mahali pengine kabla panya hawajahamia chumbani kwake.

Aprili: Mjadala wa injini

Fundi ananiita Mwalimu, kwa sababu ya kazi niliyostaafu, nami namwita Mzee, kwa sababu ya umri wake na mikono yake. Wiki hii alinikalisha kwenye benchi akaniambia:

"Mwalimu, kwa nini ujitese? Injini ya Kichina ya ujazo wa 110 inakaa kwenye matundu yaleyale mawili ya bolti. Asubuhi tunaifunga, jioni unakwenda nayo sokoni."

Hakuwa akisema uongo. Injini za muundo huo zinatengenezwa kwa wingi, zina nguvu zaidi, vipuri vyake si ghali, na anayetaka chombo cha kazi angekuwa mjinga kuikataa. Ndugu yangu mdogo alipiga simu kutoka Kampala kuunga mkono, akitumia neno "busara" mara nyingi kuliko inavyofaa katika mazungumzo mafupi. Ilinibidi nieleze kwa nini nakataa, na katika kueleza ndipo nilipolijua jibu mwenyewe.

Nilijifunza kuendesha pikipiki hii katika likizo ya Desemba mwaka 1986, mwaka ambao serikali ilibadilika mwezi Januari na baba akaona kwamba sasa mtu anaweza kuonekana na chombo chake barabarani bila kukiombea dua kila kona. Alinipeleka kwenye barabara ya vumbi iendayo Masese, akazima injini, akaniambia nikae na nisiguse kitu mpaka nimsikilize. C70 haina mkono wa klachi. Klachi yake hujifunga yenyewe kwa nguvu ya mzunguko wa injini unapovuta mafuta, na hujiachia injini inapopunguza kasi. Gia ni tatu, zinabadilishwa kwa pedali yenye ncha mbili, ya mbele kwa vidole na ya nyuma kwa kisigino, na unapoikanyaga pedali hiyo klachi inaachia kidogo ili gia iingie. Wanaojifunza kwa pikipiki za siku hizi huanza na mkono wa kushoto, wakihangaika kuuachia polepole, ilhali mimi nilianza na kisigino.

Baba hakusema "gia ya pili". Alisema "sikiliza". Injini ile ilikuwa na sauti ya chini inayopanda kwa mpangilio, na kuna mahali ilipofika ikawa kama inauliza swali, ndipo unapoachia mafuta, unakanyaga kwa vidole, unashikilia pedali chini kitambo kidogo sana, unaiachia huku ukirudisha mafuta. Ukiiachia upesi mno, pikipiki inaruka na abiria anakugonga mgongoni kwa kichwa. Ukiiachia sawasawa, abiria hajui kama gia imebadilishwa. Baba alinipima kwa kukaa nyuma na kuweka bilauri ya chai juu ya goti lake. Wengine walipewa vyeti vya udereva na serikali. Mimi nilipewa changu na bilauri ambayo haikumwagika.

Hayo yote yamo katika injini ile yenyewe: uzito wa gurudumu lake la sumaku, umbali wa pedali, muda ambao klachi yake huchukua kushika. Injini ya 110 ingenipeleka sokoni vizuri zaidi, lakini ingenifundisha upya, nami sikuja kujifunza. Kwa hiyo kanuni ya mradi sasa ni hii, na nimeisoma kwa simu kwa ndugu wote: kila kitu ambacho mwili wa mpandaji hukihisi, kwa mkono, mguu, makalio au sikio, kitabaki cha asili na kitatengenezwa, hata kama ni ghali, kila kitu kisichohisiwa kinaweza kubadilishwa kwa kilichopo madukani. Fundi alifikiri, akakubali, ila akaongeza kwamba makalio yangu ya leo si yale ya mwaka 1986 na kwamba kiti kitahitaji sponji mpya. Hilo limepita bila kupingwa.

Mei: Ndani ya silinda

Kichwa cha injini kimetolewa. Valvu zilikuwa zimekwama katika nafasi zake lakini hazikupinda. Cheni ya taimingi imelegea na itabadilishwa. Kazi kubwa ilikuwa ni kuipima silinda, na hapo tulikuta jambo ambalo hatukulijua. Kipenyo cha silinda ya C70 inapotoka kiwandani ni milimita 47. Fundi alisugua masizi juu ya pistoni kwa kitambaa chenye petroli, na namba ikajitokeza: 0.50. Maana yake ni kwamba silinda iliwahi kuchongwa na kuwekewa pistoni iliyozidi ya asili kwa nusu milimita.

Nilibaki nikiitazama namba hiyo kwa muda, kwa sababu ghafla maneno ya zamani ya baba yalipata maana. Mwezi Mei mwaka 1987 serikali ilibadilisha fedha: sifuri mbili ziliondolewa, shilingi 100 za zamani zikawa shilingi 1 mpya, na juu ya hapo ikakatwa asilimia 30 ya kiasi ambacho mtu alikibadilisha. Watu waliokuwa wameweka noti chini ya godoro waliumia. Baba alikuwa akituambia kila mwaka, hasa akiwa na wageni, kwamba katika nyumba yetu akiba moja tu ilipona, nayo "iko ndani ya Honda". Sisi tulicheka kwa adabu, tukidhani anazungumzia tairi, au kwamba ni mzaha tu wa mtu mzima. Mama, nilipomwonyesha pistoni, alisema bila hata kuacha kuchambua maharage kwamba ndiyo, baba aliupeleka mshahara wake wote wa akiba kwa fundi wiki chache kabla ya tangazo, na kwamba yeye alimnunia mwezi mzima, halafu tangazo lilipotoka hakupata tena sababu ya kununa.

Silinda sasa imechongwa kwa saizi inayofuata, yaani 0.75, kwa hiyo kipenyo kitakuwa milimita 47.75. Ikiharibika tena itabaki nafasi moja tu ya kuchonga. Pistoni, ringi na gasketi hazikupatikana Jinja. Katika soko la Kisekka pale Kampala nilipata ringi na cheni ya taimingi, lakini pistoni ya saizi hiyo ilitoka Nairobi, barabara ya Kirinyaga, ikaja kwa basi kupitia Malaba ikiwa imefungwa ndani ya gazeti. Pistoni ya zamani ameichukua mama. Ameiweka kwenye kabati la vikombe, na haruhusu iitwe chuma chakavu.

Juni: Rangi

Nilidhani hatua hii itakuwa nyepesi, na ndiyo iliyoleta ubishi mkubwa kuliko ule wa injini. Pikipiki ni nyeusi, nyeusi isiyong'aa, yenye michirizi ya brashi. Tulipokwangua chini ya kiti tulikuta buluu, buluu safi ya kiwandani, inayopendeza macho. Kwa kanuni niliyoiweka, rangi haihisiwi na mpandaji, kwa hiyo inaweza kubadilishwa, na mimi nilikuwa tayari kuirudisha buluu.

Dada yangu mkubwa, aliyekuja kutoka Iganga kuona kazi, alikataa. Alinikumbusha rangi nyeusi ilikotoka, na kwa kuwa mimi nilikuwa mdogo sana, nimeiandika hapa kama alivyoisimulia. Mwezi Aprili mwaka 1979 majeshi ya Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni waliingia Kampala, kisha wakaelekea mashariki. Katika siku zilizotangulia kuanguka kwa Jinja, askari wa Amin waliokuwa wakikimbia walichukua chombo chochote chenye magurudumu. Baba hakuificha pikipiki, kwa sababu nyumba za Walukuba hazikuwa na pa kuificha. Alitoa kabureta, akaifunga kwa kitambaa chenye grisi, akaitia katika kopo la mafuta ya kupikia na kuizika chini ya mgomba. Kisha akatoa upepo kwenye tairi zote mbili, akaipaka pikipiki nzima rangi nyeusi ya milango kwa brashi, hata taa, na kabla haijakauka akaitupia vumbi. Askari waliingia uani, wakaitazama, mmoja akaipiga teke, wakaondoka na baiskeli ya jirani. Wanajeshi wa Tanzania walipouteka mji tarehe 22 Aprili, kitu cha kwanza alichokifanya baba baada ya kuhakikisha watoto ni wazima kilikuwa ni kuchukua jembe na kwenda mgombani.

"Buluu ni ya kiwanda," dada alisema. "Nyeusi ni ya baba. Na hiyo kanuni yako ya mwili, mdogo wangu, inatugusa na sisi: nani alikuwa akiiosha pikipiki hii kila Jumamosi?"

Ni kweli kwamba tuliiosha sisi, na kwamba ile michirizi ya brashi kwenye ubavu ninaijua kwa viganja hata nikifumba macho. Kanuni imepanuliwa ili imjumuishe muoshaji. Kutu itasuguliwa na kuzuiwa, sehemu zilizobanduka zitajazwa kwa rangi nyeusi isiyong'aa, na pale chini ya kiti tulipokwangua patabaki hivyohivyo, buluu, mahali ambapo haionekani isipokuwa kwa anayefungua tangi kujaza petroli. Ngao ya miguu nayo itabaki na mshono wake wa waya, ingawa mpya zinapatikana.

Julai: Magurudumu na breki

Spoki zote ni mpya, zimepangwa na fundi wa baiskeli, ambaye kwa kazi hii ana mkono mzuri kuliko mafundi wengi wa pikipiki. Rimu zimesafishwa. Tairi za C70 ni nyembamba, 2.25-17 mbele na 2.50-17 nyuma, ilhali maduka yetu yamejaa 2.75 na 3.00 za pikipiki za Boxer, kwa sababu boda boda ndizo zinazonunua tairi mjini Jinja na duniani kwa jumla, nikitazama kutoka hapa nilipo. Nilisubiri zile nyembamba. Breki ni za ngoma mbele na nyuma, na viatu vyake vimewekewa bitana mpya. Kebo tatu mpya. Beringi mpya. Hakuna ubishi uliotokea mwezi huu, na mchango wa kila mmoja umefika kwa wakati isipokuwa wa yule ndugu wa busara.

Agosti: Umeme

Pikipiki hii ni ya kabla ya mwaka 1982, kwa hiyo mfumo wake wa umeme ni wa volti 6 na cheche yake inatolewa na platini, yaani vigusio vya chuma vinavyofunguka na kufunga, si na kifaa cha elektroniki. Platini zilikuwa zimefanya kutu lakini hazijaliwa. Fundi alizisugua kwa msasa laini, akaweka nafasi ya karibu milimita 0.35, kisha akazungusha gurudumu la sumaku taratibu mpaka alama ya herufi F ikalingana na alama ya kwenye kasha, akitumia balbu ndogo kuona ni wakati gani hasa platini zinafunguka. Aliifanya kazi hii kwa subira ya mtu anayemvalisha bibi harusi. Kondensa ni mpya, na plagi pia ni mpya, aina ya C7HSA. Tulipokanyaga kiki plagi ikiwa imeegemezwa kwenye kichwa cha injini, cheche ilionekana, nyembamba na ya buluu.

Balbu za volti 6 zimekuwa adimu, na fundi alipendekeza tubadilishe mfumo wote uwe wa volti 12. Hapa nilishukuru kwamba kanuni ipo. Taa ya mbele ya C70 inalishwa moja kwa moja na sumaku ya injini, kwa hiyo inang'aa unapovuta mafuta na kufifia unapoyaachia. Baba alipokuwa na zamu ya mchana alirudi usiku, na mara chache, shule zikiwa zimefungwa, alinichukua asubuhi nikashinda kwa shangazi yangu Njeru, tukarudi pamoja gizani. Kukaribia bwawa alipunguza mwendo kwa sababu ya askari wa ulinzi, na taa ikafifia nayo ikawa ya rangi ya chungwa, isiyotosha hata kuonyesha ukingo wa barabara. Tulivuka hivyo, maji yakivuma chini yetu upande mmoja na yakiwa kimya upande mwingine, nami nikiwa nimesimama mbele, miguu juu ya mgongo wa fremu, joto la injini likipanda mpaka magotini. Tulipokwisha kuwapita askari wa upande wa pili alivuta mafuta, na barabara yote ya kuingia Jinja ikajitokeza mara moja. Niliamini, na sikuwa na sababu ya kutoamini, kwamba taa ile ilikuwa ikiwaogopa askari kama sisi.

Kwa hiyo taa ni kitu kinachohisiwa, na volti 6 zimebaki. Balbu zimeagizwa pamoja na betri. Yeyote atakayeendesha usiku atajua kwa nini haoni vizuri akisimama, na atavumilia.

Septemba: Kuiwasha na kuijaribu

Tangi limesafishwa kwa kokoto ndogo na siki, likasuuzwa, likakaushwa juani. Kabureta, ileile iliyozikwa, imefunguliwa na kuoshwa; jeti zake zilikuwa zimeziba lakini mwili wake hauna hata alama ya kutu, jambo ambalo fundi analihusisha na ubora wa Japani na mama analihusisha na mafuta ya kupikia. Nafasi ya valvu imewekwa milimita 0.05 injini ikiwa baridi. Oili imejazwa, choki ikavutwa, nami nikapewa heshima ya kukanyaga kiki. Ilikohoa, ikatoa moshi mweupe uliojaza ua wote kwa sababu ya oili iliyopakwa kwenye silinda mpya, kisha moshi ukapungua na sauti ikatulia.

Pikipiki haina karatasi za kisheria kwa jina la mtu aliye hai, kwa hiyo tumeijaribu ndani ya ua na kwenye njia ya murramu iliyo nyuma ya nyumba, basi. Nilichokihakikisha ni haya. Klachi inashika pale ninapoikumbuka. Gia ya pili inaingia kwa ubishi ikiwa baridi, kama zamani. Na breki ya mbele bado ina tabia yake ya ajabu. Uma wa mbele wa C70 haukujengwa kwa mirija miwili inayozama kama ya Boxer. Una mikono mifupi inayobeba gurudumu kwa mbele, na kwa sababu hiyo ukiibana breki ya mbele, pua ya pikipiki inainuka badala ya kuinama. Nilipokuwa mtoto niliyesimama mbele, hiyo ndiyo ilikuwa dalili kwamba tumefika: dunia yote iliinuka kidogo, kisha baba akazima injini. Kijana wa boda aliyekuja kushangaa alijaribu, akapiga kelele, akafikiri chombo kimeharibika. Wakati wa utoto wangu jina la boda boda lilikuwa bado la baiskeli, lile lililoanzia mpakani Busia, na mtu mwenye Honda hakumbeba abiria kwa malipo, bali alimsaidia jirani. Kijana alisikiliza maelezo haya kwa heshima, kisha akaniuliza inakula lita ngapi.

Halafu dada aliomba apande. Kwa miaka yote nimesimulia, hata kwa wanafunzi wangu, kwamba mimi ndiye mtoto pekee aliyefundishwa na baba. Dada alijifunga leso vizuri, akakaa, akaingiza gia ya kwanza kwa vidole, akaondoka. Nilisikiliza. Injini ilipanda, ikafika mahali pale pa kuuliza swali, akabadilisha, na sauti haikukatika wala pikipiki haikuruka. Alirudi, akageuza kwenye nafasi ndogo iliyo mbele ya banda la kuku, akasimama.

"Alinifundisha kabla yako," alisema, "alfajiri, kabla ya zamu. Alisema majirani watasema sana, kwa hiyo tusiwape nafasi."

"Na bilauri?"

"Mimi nilipewa kikombe cha uji."

Mama, aliyekuwa mlangoni, hakuonekana kushangaa hata kidogo.

Oktoba: Karatasi

Kazi ya spana imekwisha, imebaki ya kalamu. Kitabu cha usajili kina jina la baba, na mirathi ya marehemu haihamishwi kwa maelewano ya uani peke yake. Utaratibu unaanzia kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, anayetoa barua ya kuthibitisha kifo na familia iliyobaki. Barua hiyo pamoja na cheti cha kifo inapelekwa kwa Msimamizi Mkuu wa Mirathi ili kuomba hati ya kutokuwa na pingamizi. Hati hiyo ndiyo inayofungua mlango wa mahakama kutoa barua za usimamizi wa mirathi, na hapo ndipo usajili wa chombo unaweza kubadilishwa. Ni safari ndefu kwa pikipiki ya ujazo wa 72, lakini bila hiyo haiwezi kuvuka bwawa kihalali.

Ombi la usimamizi litakuwa na majina mawili, la dada na langu. Ndugu wa Kampala amekubali, na mchango wake umefika, ukiwa na ujumbe kwamba injini ya 110 ingekuwa imekwisha kufika sokoni zamani. Balbu mbili za akiba za volti 6 zimo ndani ya kabati la vikombe, karibu na pistoni. Jumatatu asubuhi dada anakuja kutoka Iganga na picha zake za pasipoti, na tutakwenda kwa mwenyekiti wa LC1 kwa miguu.